Ufunguo Uliokuwa Mfukoni Mwangu

Maneno haya yalisemwa katika ukumbi wa parokia, Katuba, Lubumbashi, Jumapili iliyotangulia sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, tarehe 25 Machi. Msemaji ni mzalishaji mstaafu. Tumeyaacha jinsi alivyoyasema, pamoja na pale alipotoka kwenye mada.

Baba paroko, wazee wangu, akina mama wenzangu, na ninyi watoto wa Kiro, chama chetu cha vijana wa Kanisa, mliopanda madirishani kana kwamba viti vimekwisha: muko wazima?

Mmeitika "tuko wazima". Mmeitika upesi, kama kila siku. Naomba neno hilo likae kidogo mdomoni kabla hamjalimeza, maana nitalirudia.

Kamati iliponiita ilinipa mada: "Kutetea uhai". Nikasema sawa. Lakini nilipokuwa nyumbani nikichambua sombe, nikajiuliza: sisi wa Katanga tukikutana njiani, nani humwuliza mwenzake kama ana uhai? Uhai hata majani yanao. Mgonjwa aliyelala wiki tatu bila kufumbua macho ana uhai. Sisi tunaulizana uzima. Mzima ni yule ambaye hajapasuka wala hajapungua: amekula bukari yake, amelala, watoto wako nyumbani, hakuna mwenye deni anayebisha mlangoni. Nikaona kwamba ugomvi wangu na chama chetu cha watetezi wa uhai, sisi tunaopinga kutoa mimba, uko hapo, kati ya maneno hayo mawili. Nimekuja kuusema mbele yenu kwa sababu mimi ni wa ndani. Nimeandamana miaka mingi kuliko umri wa vijana walioshika bendera pale nyuma.

Nimezalisha miaka 31. Kuna kipembe cha mbao, mnakijua ninyi mliokuja kupimisha mimba, kile tunachokisimamisha juu ya tumbo halafu tunatega sikio upande wa pili. Chumba kikinyamaza unasikia mbio za moyo, mara 120 hadi 160 kwa dakika, moyo wa mtu ambaye hajaona jua. Siku hizi kuna mashine inayotoa sauti kama redio, mama naye anasikia na kucheka, ni jambo jema. Lakini kwa kile cha mbao unasikia peke yako, na inabidi uiname mpaka shavu lako likaribie ngozi ya mama. Kwa hiyo asinifundishe mtu kwamba ndani ya tumbo kuna mtu. Nilijua kabla sijasoma barua yoyote ya Papa. Anayesema ni kipande cha nyama tu, sikubaliani naye, na hata mkinikalisha hapa mpaka usiku sitakubaliana naye.

Sasa sikilizeni jambo jingine.

Kwenye maternite moja, nyumba ya kuzalia, niliyofanyia kazi, sitaitaja na msiniulize hata wakati wa soda, kulikuwa na chumba cha mwisho wa koridoo. Humo walikaa wazazi waliokwisha zaa. Wamepona, mtoto ananyonya, daktari ameandika "aende nyumbani", na hawaendi, kwa sababu faktire, hesabu ya gharama za kuzaa, haijalipwa. Mlango ulifungwa usiku. Zamu ya usiku ikiwa yangu, ufunguo ulikuwa wangu. Niliuweka mfuko wa kulia wa blauzi nyeupe, pamoja na kalamu na kipande cha sabuni.

Mwaka mmoja, mwezi huu huu wa Machi, tulitoka kwenye maandamano nikakimbilia kazini bila kupita nyumbani. Blauzi nikaivaa juu ya tisheti ya maandamano, ile iliyoandikwa kifuani NDIYO KWA UZIMA. Usiku joto likazidi, nikafungua vifungo. Kwenye saa nne nikafungua mlango wa kile chumba kuhesabu watu, maana tulitakiwa kuwahesabu, na binti mmoja akaja mpaka mlangoni. Miaka kumi na tisa. Siku ya kumi na moja. Simu yake ilikwisha kuwekwa rehani kwa mhasibu, na kikwembe chake cha pili pia. Baba wa mtoto alikwenda kuchimba upande wa Kolwezi, namba yake haipatikani. Nguo za mtoto alikuwa akizifua jioni kwenye beseni, na kwa kuwa jua halikuingia chumba kile, usiku alizitandika chini ya mgongo wake akazilalia mpaka zikauka.

Akanisoma kifuani, polepole, kwa sauti. Kisha akaniuliza: "Mama, hiyo munapewa bure?"

Nikamwambia ndiyo, parokia ndiyo iliyotugawia.

Akasema: "Ningeipata, ingetoka nepi mbili."

Nikamjibu kwamba nitaulizia kama zimebaki. Nikafunga mlango. Nimeisimulia mara chache habari hii, na kila mara naona aibu palepale: kwamba nilijibu "nitaulizia" huku nimeivaa. Siku ya kumi na mbili wakaja wapendwa wa kanisa moja la kilokole, wale tunaowacheka kwa makelele yao, wakalipa faktire yake na za wenzake wawili, wakaondoka wakiimba. Hatukuwa sisi. Sisi tulikuwa tunapanga mwaka ujao tuchapishe tisheti za rangi gani.

Basi, hiyo ndiyo hotuba. Yaliyobaki ni maelezo, nanyi mmeniletea kiti kizuri, nitaeleza.

Vijana wanapenda kuangalia kwenye simu mambo ya Marekani, na kweli harakati hizi kule ni kubwa. Ila tuzisimulie zote. Tarehe 22 Januari 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya Roe dhidi ya Wade, kutoa mimba kukawa haki nchi nzima. Januari ya mwaka uliofuata mwanasheria mmoja, mama Nellie Gray, akaandaa maandamano Washington. Yakarudiwa Januari baada ya Januari, katika baridi ambayo sisi hapa tungeikimbia. Karibu miaka hamsini! Na tarehe 24 Juni 2022 mahakama ileile ikaifuta hukumu yake na kurudisha suala kwa kila jimbo. Nakumbuka siku ile simu yangu haikunyamaza. "Mama, tumeshinda!" Nikafurahi pia, nisijifanye.

Haukupita hata mwezi mmoja na nusu. Tarehe 2 Agosti 2022, jimbo la Kansas, watu wa kanisa, watu wa mashamba, wanaopigia kura chama kinachopinga kutoa mimba, wakaulizwa kama katiba ya jimbo lao iache kuilinda haki hiyo. Wengi wakakataa. Ireland, nchi iliyotutumia mapadri na masista Afrika nzima, ilimwandika mtoto wa tumboni ndani ya katiba mwaka 1983 kwa kura ya wananchi, na tarehe 25 Mei 2018 wananchi walewale na watoto wao wakamfuta, kiasi cha theluthi mbili ya kura. Ufaransa, mwaka 2024, imeingiza uhuru wa kutoa mimba katika katiba.

Mimi si mtu wa siasa, kazi yangu ilikuwa maji ya moto na mkasi. Lakini mtu akijenga nyumba miaka hamsini, jirani zake wakaibomoa kwa siku moja, nami ningemwuliza: hao jirani uliwahi kuwatembelea? Na haki yao wapeni: wapo kule waliotembelea. Kuna vituo vingi vinavyompokea mwenye mimba bila malipo, wanampima, wanampa nguo za mtoto, maziwa, wengine wanampa hata chumba cha kulala. Wapo wanaosimama kusali siku 40 nje ya kliniki, jambo lililoanzia Texas mwaka 2004 na kuenea nchi nyingi. Lakini kuna pia aliyempiga daktari risasi mpaka kufa kule Florida, mwaka 1993, akidai anatetea uhai. Huyo simuiti mwenzetu, na msiruhusu mtu awaambie kwamba alikuwa na ari iliyozidi tu.

Tumetoka mbali, turudi kwetu.

Watu wanasema mambo haya ya kutetea uzima yametoka Ulaya na Marekani, yamekuja na karatasi za Kifaransa zenye picha. Karatasi ndiyo, zilitoka huko. Lakini wazee walioko mbele hapa, wazazi wenu walikuwa Jamaa, ule umoja wa wanandoa Wakatoliki, sivyo? Naona vichwa. Baba yangu marehemu alikuwa Jamaa, kambi ya wafanyakazi, upande wa Kolwezi, enzi za padri Placide Tempels, yule Mfransisko kutoka Ubelgiji. Miaka ile ya 1950 wafanyakazi wa migodi na wake zao walikaa jioni, baba na mama pamoja, wakatafakari maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hayakutoka Washington maneno hayo. Baadaye Jamaa ikagombana na maaskofu, sitaki kuchokonoa habari hiyo mbele ya baba paroko. Lakini nyumbani kwetu maneno yale yalibaki. Na baba alikuwa mkali juu ya mpangilio wake. Ukisema uzima na uzazi ukasahau la tatu, alikukatiza: "Hapo umezungumzia mbuzi."

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini mbuzi tuliwahi kuwa. Nani hapa amezaliwa maternite ya kampuni? Nyosheni mikono. Haya, ninyi mnajua ninachosema. Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, iliundwa mwaka 1906, na mwanzoni ilitaka wanaume tu, wanakuja, wanachimba, wanarudi kwao au wanakufa. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili hesabu: mfanyakazi aje na mke wake, wazae hapahapa. Ndipo zikaja maternite za kambini, mizani ya watoto, posho ya mama, maziwa ya mtoto. Watoto walipimwa kila wiki, na mama asiyempeleka wake aliulizwa. Watu wakaimba kwamba kampuni ni baba na mama. Haikufanya vile kwa mapendo, tusidanganyane. Ilihitaji mikono ya kesho, na mikono ya kesho ilikuwa ndani ya matumbo ya wakati ule. Hiyo ndiyo mbuzi ya baba yangu: uzima upo, uzazi upo, la tatu halipo.

Kisha Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi migodi ile, ikaanguka, miaka ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na baadhi ya hao "wa hiari" bado tunawaona wakikaa chini ya miembe na makaratasi yao kwenye mfuko wa plastiki. Posho ikaisha, maternite ikawa ya kulipia. Na mimi nasema jambo ambalo linaniuma: kampuni isiyompenda mama haikumfungia. Sisi tunaompenda tulimfungia. Mimi nilimfungia.

Serikali mwaka 2023 ilizindua mjini Kinshasa mpango wa kujifungua bure. Tumeusikia, tumeupigia makofi. Uingie kila maternite ya vichochoro vyetu, mimi wa kwanza nitaenda kupiga vigelegele. Kwa sasa bado nakutana na mama akiuza makaa kwa vikopo ili afikishe pesa ya kuzaa.

Sasa sheria, maana najua mmekuja na maswali ya sheria. Kanuni yetu ya jinai, kifungu cha 165, inampa anayemtoa mwanamke mimba miaka 5 hadi 15 gerezani. Cha 166 kinampa mwanamke mwenyewe miaka 5 hadi 10. Kisha kuna Itifaki ya Maputo, ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Julai 2003. Kifungu chake cha 14 kinataka mimba iruhusiwe kutolewa na daktari pale mwanamke alipobakwa, alipopewa mimba na ndugu wa damu, au mimba inapohatarisha afya yake ya mwili na akili, ama uhai wake au wa mtoto. Nchi yetu iliiridhia, na tarehe 14 Machi 2018 ikachapwa katika gazeti rasmi. Katiba, kifungu cha 215, inaupa mkataba wa namna hiyo nguvu kuliko sheria za kawaida. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 16, inasema binadamu ni mtakatifu. Vifungu vyote hivyo vinaishi nyumba moja, kama wake wenza.

Kanisa letu halikukubali kifungu kile cha 14, nami ni mtoto wa Kanisa. Lakini nataka mjue sheria ile ya zamani ilivyoonekana kutoka upande wangu wa kitanda. Katika miaka yangu sikuwahi kumwona binti aliyeacha kutoa mimba kwa sababu ya kifungu cha 166. Hakijui. Nilichokiona ni binti aliyekwisha kunywa majani, au aliyeingizwa kijiti cha mhogo, ana homa, tumbo gumu kama ubao, anatoa harufu ambayo kila muuguzi anaijua, na ukimwuliza amefanya nini anasema "nilianguka kwenye ngazi". Nyumba ya kwao haina ngazi. Anaogopa polisi, na hofu hiyo inatupotezea saa tatu, na katika saa hizo tatu tunampoteza. Kwa hiyo mzalishaji yeyote wa chama hiki, kijana yeyote mwenye tisheti, akiletewa mwanamke anayevuja damu, ajue kazi yake ni kuizuia damu. Maswali mengine yana muda wake, na si yeye wa kuyauliza.

Na hapo niseme la vidonge. Katika mkutano uliopita kijana mmoja, ana moyo mzuri, alipendekeza twende farmasi kwa farmasi tuwaombe waondoe misoprostoli kwenye rafu. Mwanangu, kaa nami kidogo. Kidonge hicho watu wanakitumia kutoa mimba, ni kweli. Lakini mama akishazaa, kondo limetoka, na damu inakuja kama bomba lililopasuka, saa nane za usiku, umeme wa SNEL hakuna, dawa ya sindano inayotaka ubaridi imeharibika kwenye friji isiyo na umeme, hicho ndicho ninachokitafuta mfukoni. Shirika la Afya Duniani limekiweka katika orodha ya dawa za lazima. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulihesabu kwamba nchini kwetu walikuwa wanakufa akina mama 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima, na damu iko mstari wa mbele katika vifo hivyo. Ukikiondoa kwenye rafu utakuwa umetetea uhai gani?

(Mzee mmoja kutoka safu ya pili aliuliza: "Na aliyebakwa?")

Baba, nilitumaini utaniuliza mwishoni nikiwa nimekaribia mlango. Nitajibu kwa nilichokiona, sina neno fupi.

Nilimpima binti wa miaka kumi na minne. Aliyempa mimba alikuwa baba mdogo wake. Siku ile sikuhubiri, nilikaa kitandani pembeni yake, tukanyamaza, kisha nikampa chai. Alizaa kwa kupasuliwa. Wote wawili wako. Mtoto anasoma, ana akili ya hesabu, shangazi ndiye anayemlea. Mama yake hajawahi kumshika, hata siku moja, akimwona anahamia upande wa pili wa barabara. Wengine wakija kunishuhudia kwamba huo ni ushindi wetu, ninawaambia wataje yote mawili kwa pumzi moja, na wengi hawawezi. Mimi bado nasema yule mtoto wa hesabu hakustahili kuuawa kwa kosa la babu yake mdogo. Na bado sina la kumwambia yule binti. Baba mdogo, je? Familia ilikaa chini, ikala, ikapokea mbuzi wawili, mambo yakaisha. Hapo ndipo ningetaka kuona maandamano. Kwenye kikao kile. Na mabango.

Ngoja, kuna jambo nilitaka kulisema mapema likanipita. Shule.

Binti wa shule zetu, nasema zetu, zile tunazozijenga kwa sadaka zetu, akionekana ana tumbo, daftari zake zinafungwa siku hiyohiyo. Mvulana anaendelea kucheza mpira, tena anafunga goli. Binti anaijua kanuni hiyo vizuri kuliko anavyojua amri kumi. Anahesabu: mimba inaanza kuonekana mwezi wa nne au wa tano, mtihani wa serikali uko mwisho wa mwaka wa shule. Halafu sisi tunasimama kwenye mimbari na kushangaa kwamba anatafuta majani! Baba paroko, usiangalie saa, nakuangalia wewe. Tuliandika barua kuhusu jambo hili. Tuliambiwa itajadiliwa.

Na lile la migodi. Mji wetu wote unajua kikohozi cha vinu vya madini, lakini kuna wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, waliokaa katika hospitali za mji huu tangu 2013 hadi 2015 wakiangalia watoto waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana, kama mdomo uliopasuka au mgongo uliofunguka. Watoto 138. Wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Matokeo yalichapwa mwaka 2020. Baba akiwa na kazi ya madini, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulikuwa zaidi ya mara tano. Idadi ni ndogo, na mtu makini hawezi kuapa juu yake. Lakini angalieni jambo moja: ni baba. Hatukuzoea kumwuliza baba kitu chochote kwenye maternite, zaidi ya pesa. Anarudi na vumbi la kobalti kwenye overoli, mke ana mimba ya miezi miwili, anaifua overoli hiyo kwenye beseni lilelile la nguo za watoto.

Mimi niliwapokea watoto wa namna hiyo. Mmoja mgongo wake ulikuwa wazi, nikaufunika kwa kompresi yenye maji ya chumvi kabla mama hajaomba kumwona. Sasa niambieni, kobalti ile inakwenda kwenye betri za simu na magari ya dunia nzima. Tunaye mtoto wa tumboni ambaye adui yake si daktari wala majani, ni vumbi. Katika maandamano yetu yote sijaona bango hata moja lililomwandikia mwenye kinu. Yeye pia ana tumbo la kuogopewa, labda ndiyo sababu.

Wengine watasema Mama amekuwa mwanasiasa. Basi nimalizie hapo siasa yangu kwa moja tu: mwezi Machi 2024 serikali iliondoa zuio lililokuwapo tangu 2003 juu ya kutekeleza hukumu ya kifo. Hapa ukumbini nimewasikia watu wawili wakilipigia makofi, na wote wawili wana tisheti yetu. Nawajua. Tutaongea.

Sasa tunafanya nini, maana hotuba bila kazi ni mshindo wa ngoma ya Kiro. Miaka miwili iliyopita akina mama saba tulianza sanduku. Kila mmoja franka elfu mbili kwa mwezi, sasa tumefika arobaini na watatu, pamoja na akina baba sita, ambao tunawatunza kama mayai. Kijana mmoja anatushikia hesabu kwenye simu. Hatuendi na maneno. Tunakwenda kwa mhasibu wa maternite, tunauliza nani amekwama, tunalipa, tunadai risiti. Mwanzoni wahasibu walituona wajinga, wakaongeza bei. Tukajifunza kwenda na mzalishaji mstaafu anayejua bei, yaani mimi. Sasa wananichukia vizuri.

Hatuwaulizi kama wameolewa. Hatuwaulizi wanasali wapi. Mmoja tuliyemlipia alituambia wazi kwamba mimba ya kwanza aliitoa, na ya pili angeitoa pia kama angepata dola thelathini kwa wakati. Tukamlipia, tukambebea beseni mpaka kwenye teksi. Siku hizi anauza mboga za lenga-lenga karibu na kituo cha mabasi, na akiniona ananiita jina langu la utoto, sijui nani alimwambia. Wenzangu wengine walinuna: "Huyu mtu tunampa zawadi kwa dhambi?" Sikuwajibu. Mnunaji mmoja wao ameshalipa michango ya miezi mitatu mbele, kwa hiyo nadhani amejijibu.

Kuna wanaofundisha wenye ndoa kupanga uzazi kwa kufuata siku na dalili za mwili, ile njia ya Billings, mume na mke wa Australia. Wako Jumamosi ya pili ya mwezi, chumba cha katekesi. Waume mje, njia ile bila mume ni kazi bure, na msiseme sikuwaambia.

Tisheti mwaka huu hatukuchapisha. Najua baadhi yenu mmekasirika, mmekuja na nyeupe za nyumbani. Pesa yake mama mhazini ataisoma hapa mwenyewe: imelipa faktire tisa, na imebaki kidogo. Ya zamani yangu ninayo bado, hii hapa, imefifia, herufi ya Z imekwisha kabisa. Yule binti sikumpata tena, nilimtafuta mitaa ya hapa mjini, Kenya na Kamalondo, watu wakaniambia alihamia Likasi.

Kesho tunakwenda maternite moja upande wa Ruashi. Wako watatu wamekwama, mmoja ana mapacha, wa kiume na wa kike, amekaa siku tisa. Tunaondoka hapa uwanjani saa mbili asubuhi, kwa miguu mpaka barabara kubwa, nauli kila mtu yake. Tunahitaji sabuni, nguo za mtoto hata zilizovaliwa, na kikwembe kimoja kikavu. Mama katibu yuko pale mlangoni na daftari la bluu. Watoto wa Kiro, shukeni dirishani sasa, mmoja wenu atavunja mguu na sanduku halilipi mifupa.